Kaplingi ya Stelingi ya Baba

Jumamosi, mwezi wa nane. Nkuhungu, Dodoma. Upepo tangu asubuhi, na mimi moyo wangu uko chini.

Huu upepo wa Agosti hauna adabu. Umeingiza vumbi mpaka kwenye sahani nilizofunika, na nguo nilizofua asubuhi zimekuwa na rangi ya udongo kabla hazijakauka. Nimezianua hivyohivyo. Leo sina nguvu za kugombana na hali ya hewa.

Nimeshinda mjini natafuta kaplingi ya stelingi ya pikapu ya Baba.

Mwezi uliopita nisingejua hata kuliandika neno hilo. Sasa naweza kumfundisha mtu. Ni kile kipande kidogo kinachounganisha chuma kinachoshuka kutoka kwenye usukani na lile boksi la chini linalogeuza matairi. Kwenye magari ya zamani kama la Baba, katikati yake kuna raba nene ya duara iliyobanwa na vyuma viwili kwa bolti. Ndani ya tundu lake kuna meno madogomadogo yanayouma chuma cha usukani ili kisizunguke bure. Raba ikichoka, unageuza usukani na matairi yanapata habari baadaye. Mafundi wanaita hali hiyo mchezo. Wanakuambia stelingi ina mchezo, na wewe unaitikia kana kwamba umeambiwa kuna ngoma mahali.

Baba yangu ni bwana shamba mstaafu. Anaishi Kibakwe, milimani huko wilaya ya Mpwapwa, ambako nilizaliwa na ambako barabara haijawahi kunyooka kwa muda wa kutosha mtu kunywa maji. Pikapu aliinunua kwenye mnada wa serikali alipokuwa anakaribia kustaafu. Ilikuwa imechoka tayari, na tangu hapo imekuwa ikichoka taratibu, kwa heshima. Imebeba vitunguu, mahindi, ndama wagonjwa, kinamama wenye uchungu, na majeneza, la Mama likiwemo.

Tangu Mama atutoke, ile pikapu ndiyo inayomtoa Baba nyumbani. Mtu anakuja anagonga dirisha, Bwana Shamba naomba unipeleke, basi Baba anavaa kofia na kutoka. Siku asipogongewa, anashinda kwenye kiti cha uani anasikiliza stesheni yoyote ya redio inayoshika. Nilikaa naye wiki nzima ya namna hiyo wakati pikapu ilipokuwa haina betri. Hakulalamika hata mara moja. Alikuwa ananiuliza tu saa ngapi, nikimjibu anasema ahaa, baada ya muda ananiuliza tena.

Sasa jambo lenyewe.

Baba haoni vizuri, na hajui ni kiasi gani haoni.

Mwezi wa sita nilimleta hapa mjini kwa daktari wa macho. Walimpima kwa mashine, wakamwekea matone, wakampima tena. Daktari akamwambia, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba ana presha ya macho, imepanda sana, na kwamba atampa dawa ya matone ya kuishusha. Baba akashukuru. Kisha daktari akaniita mimi kwenye korido.

Aliniambia pembeni pameshakwisha, macho yote mawili. Mzee anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi. Matone yanalinda hicho kilichobaki, basi. Halafu akaniuliza kama mzee anaendesha gari. Nikasema anaendesha. Akanitazama kidogo, akasema, "Hapana, mama. Asidraivu kabisa."

Baba alikuwa ananisubiri kwenye benchi, kofia kaishika kwa mikono miwili. Akaniuliza daktari amesemaje. Nikamwambia, amesema utumie dawa bila kukosa, presha itashuka.

Kila neno hapo ni kweli. Mimi ni katibu muhtasi, nimeandikia wakubwa barua kwa miaka, najua jinsi sentensi inavyoweza kuwa na maneno ya kweli matupu na bado ikawa uongo. Sikujua ningekuja kuutumia ujuzi huo kwa Baba.

Na tatizo lenyewe limekaa ndani ya neno moja. Kwetu sisi presha ni kitu cha kupanda na kushuka. Ya Mama ilipanda na kushuka maisha yake yote. Unapunguza chumvi, unapunguza hasira, unameza kidonge, unapimwa, unaambiwa imeshuka, unarudi shambani. Hivyo ndivyo Baba alivyoelewa, na nani atamlaumu? Ameacha chumvi kabisa, maharage yake sasa mtu mwingine hawezi kuyala. Ameacha hata ugomvi wake na jirani kuhusu mpaka wa shamba, ugomvi ulioanza kabla sijazaliwa. Amempelekea huyo jirani mkungu wa ndizi, kwa sababu hasira zinapandisha presha. Jirani hana amani tangu siku hiyo. Alimpigia simu kaka yangu kuuliza kama mzee anajiandaa kufa.

Wiki iliyopita Baba alipimwa tena, na kweli, presha ya macho imeshuka. Alinipigia simu akiwa bado kwenye geti la hospitali. Alikuwa na furaha kama mwanafunzi aliyefaulu. Sasa anasubiri kuona kwake kurudi. Anaamini kuko njiani.

Nami nimekaa kimya.

Mwezi wa saba aligonga baiskeli kwenye kona ya kuteremka sokoni. Mwenye baiskeli alirushwa kwenye majani, akachubuka kiwiko, gunia lake la mkaa likamwagika. Akainuka, akajikung'uta, akamwamkia Baba shikamoo. Hao ndio watu wa kwetu. Unamgonga na gari, anakumbuka kwanza kwamba wewe ni mkubwa wake. Baba alimnunulia ringi mpya na mkaa mwingine, yakaisha. Lakini aliponisimulia alisema, "Katokea tu, mama. Nikakata usukani, stelingi ikachelewa."

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Siku hizi kwa Baba kila kitu kinatokea tu. Mbuzi wanatokea tu. Nguzo ya geti la shule ilitokea tu, na mlango wa kushoto wa pikapu una alama yake. Na kila mara mwenye kosa ni stelingi, kwa sababu stelingi kweli ina mchezo, kila mtu aliyewahi kupanda lile gari anajua. Kwa hiyo Baba amehitimisha kwamba kaplingi ikibadilishwa, mambo ya kutokeatokea yatakwisha.

Jumatano aliifungua mwenyewe, akaifunga kwenye kitambaa, akamkabidhi konda wa basi aniletee niwe na sampuli mkononi. Nilipoipokea stendi niliikunja kidogo kwa vidole, raba ikafunguka nyufa kama kisigino cha kiangazi. Huko Kibakwe pikapu imebaki imesimama uani, usukani hauna kinachoushikilia. Kaka yangu Elia, aliyeko Morogoro, aliposikia hivyo alicheka kwa furaha.

"Dada, hapo Mungu katusaidia," alisema. "Kaa na hilo dude. Mwambie haipo. Neno moja tu."

Elia anapenda ufumbuzi wa neno moja. Kufika Kibakwe kwenyewe ni mara moja kwa mwaka, na hajawahi kumwona Baba kwenye kile kiti cha uani.

Lakini nilimwambia ni sawa. Nikajiambia nitazunguka madukani kwa ajili ya dhamiri yangu tu. Pikapu ni ya kale, kaplingi zake haziko, nitarudi nimechoka na vumbi, nitasema haipo na itakuwa kweli. Asubuhi ya leo nilitoka nyumbani nikiwa na tumaini hilo moja, kwamba nitakosa.

Jana usiku Baba alikuwa amenipa maelekezo kwenye simu. Tatizo la kaplingi ni meno. Mbili zinaweza kufanana kwa umbo kama mapacha, meno ya ndani yakapishana kidogo tu, na hapo huna kitu. Kuhesabu meno ndani ya tundu lenye grisi ya miaka yote hiyo si kazi ya kuifanya kaunta huku watu wanakusukuma. Basi akaniambia nichukue sabuni ya mche, nikate kipande chembamba, nikichonge kiingie kwa nguvu kwenye tundu la ile mbovu, kisha nikitoe polepole. Sabuni itatoka na meno. Nenda nayo dukani, jaribu kwenye zao. Ikiingia bila kukwanguka, hiyo ndiyo. Ikikwanguka, hata wakuapie, rudisha.

Nilifanya hivyo jikoni leo asubuhi, na sabuni ikatoka na meno yake yote, mazuri, yamejipanga. Nilisimama nimeishika, nikalia. Mtu mwenye akili ya namna hii ndiye ninayetakiwa kumwambia asikae tena nyuma ya usukani. Kichwa chake hakijapoteza hata jino moja.

Duka la kwanza walikuwa nayo mpya. Mpya kweli, kwenye karatasi ya nailoni. Haikuwa na raba, ilikuwa chuma kitupu chenye krosi, yaani kiungo cha msalaba katikati, inapinda kama kiwiko. Muuzaji akanisifia kwamba hiyo ndiyo ya kisasa, haina mchezo kabisa, unagusa usukani gari limeshageuka. Nikamwambia ni ya gari la zamani, la barabara ya mawe, chuma kwa chuma si kila shimo litampanda mzee hadi mabegani? Akasema atazoea. Nikatoa sabuni yangu. Watu wakaanza kutazama. Nikaisukuma kwenye tundu, ikakwanguka upande mmoja, unga mweupe ukamwagika kwenye kaunta.

"Itaingia tu, dada," akasema. "Fundi ataigonga kidogo."

Nchi hii itakuja kuuliwa na "itaingia tu". Lakini niseme ukweli, nilipoona ule unga nilifurahi. Nilimshukuru yule muuzaji kwa uchangamfu hadi akashangaa.

Duka la pili hawakuwa nayo. La tatu wakasema wanaye mtu wa kunikatia raba kutoka kwenye ubavu wa tairi la lori, aitoboe, aifunge kwa bolti zilezile. Wakanionyesha moja iliyokatwa. Ilikuwa imekatwa vizuri, sitanii, lakini tairi la lori lilitengenezwa kubeba mzigo, halikutengenezwa kukunjwa huku na huku kwenye kila kona ya mlima. Nilisema nitafikiria. Moyoni nilikuwa nahesabu maduka kama mtu anayehesabu vituo kabla ya kufika nyumbani. Yakiisha, nimepona.

Nikiwa natoka hapo, mtu akanielekeza kwa Bwana Juma.

Bwana Juma ni Mrangi wa Kondoa, mzee mwenye kibandiko kwenye miwani, anauza spea zilizotumika, zile za kontena kutoka Japani. Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba iliyotumika ya Japani ni bora kuliko mpya ya kwingine, hata mimi nimekuwa nikisema hivyo bila kujua ninachosema. Na mimi kwa kuwa ofisi yangu iko Mji wa Serikali, Mtumba, wenzangu walinitania tangu Alhamisi kwamba natoka Mtumba kwenda kutafuta mtumba. Bwana Juma nilimsimulia utani huo, akacheka kwa adabu. Nadhani si mara yake ya kwanza kuusikia.

Aliipokea kaplingi ya Baba, akaigeuza, akaniuliza swali ambalo bado liko nami.

"Hii unataka ya kuuzia gari, au ya kuendeshea?"

Nikamuuliza tofauti yake ni nini. Akasema watu wengi wanaokuja kutafuta vipande vya magari ya umri huu wanataka gari lisimame vizuri siku ya kumwonyesha mnunuzi, na kwa hao anatoa chochote kinachofanana. "Lakini kama kuna mtu anaenda kulikalia, mama, hapo tunazungumza mengine."

Ningeweza kumwambia ni ya kuuzia. Nikasema ni ya kuendeshea. Ni baba yangu anayeendesha.

Akaingia ndani, akakaa sana. Nilisikia mabati yakisukumwa. Nikaomba kimoyomoyo atoke mikono mitupu, na ninajua ni maombi ya ajabu mtu kuyaomba dukani. Akatoka na tatu, kazifunga kwa waya.

Ya kwanza aliikunja mwenyewe, raba ikaonyesha nyufa, akaitupa pembeni bila kusema. Ya pili ilikuwa na raba nzuri lakini tundu la bolti limetanuka, akanionyesha kwa kidole, bolti ingecheza humo ndani na hatimaye ingejikata. Ya tatu aliikunja, akaibana kwa dole gumba, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaikunja tena upande wa pili. Ilikuwa nyeusi, imekaza, nyuzi za kitambaa ndani yake zimelala sawasawa. Akasema hii imetoka kwenye gari lililokaa kivulini maisha yake yote.

Nikatoa sabuni.

Iliingia bila kukwanguka hata kidogo.

Nilitaka isiingie. Naandika hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kulisema. Mtoto kasimama dukani, kashika kitu ambacho baba yake anakitamani kuliko chakula, kitu hasa chenyewe, na anatamani kisingekuwepo duniani. Niliitoa nikaijaribu mara ya pili kana kwamba meno yangeweza kubadilika.

Nikainunua. Sijui kwa nini niliinunua. Labda kwa sababu Bwana Juma alikuwa amejisumbua, na alikuwa ameshaanza kuifuta kwa kitambaa. Labda kwa sababu Baba angekuwepo angeniona mjinga kuiacha. Nimerudi Nkuhungu kwa bodaboda, uso umefungwa kanga kwa ajili ya vumbi, kaplingi mbili kwenye mfuko, nzima na mbovu, zinagongana kila tukipita kwenye tuta.

Nyumbani nilioga, nikanywa chai ambayo haikuwa na ladha, nikampigia Elia. Akaniambia yaleyale. Akasema hata kama ipo, haipo. Akasema mzee akigonga mtoto wa mtu, hakuna shikamoo itakayotusaidia, na hapo alisema kweli.

Basi jua likiwa linazama, nikampigia Baba.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Imepatikana?"

Nikamwambia haipo. Nimezunguka maduka yote, haipo. Nikasikia redio nyuma yake. Akauliza sabuni niliijaribu? Nikasema niliijaribu, kila mahali ilikwanguka. Uongo ukitaka kukaa vizuri unaomba mapambo, nami nikaupa. Nilimweleza ule unga mweupe kwenye kaunta, ambao ni kweli. Nilimweleza raba ya tairi la lori, kweli pia. Bwana Juma sikumtaja.

Akasema pole mama, umehangaika sana na jua lote hilo. Ananipa pole mimi! Niliweka mkono mdomoni.

Halafu akaendelea, kwa sauti ya mtu aliyeshajipanga. Akasema nisijali, alijua inaweza kukosekana. Ameshaongea na fundi wa kuchomelea mageti pale sokoni. Fundi amesema atachukua kipande cha bomba, akiingize kati ya usukani na boksi, achomelee pande zote mbili, kaplingi haitakiwi tena. Kitakuwa kitu kimoja. Mchezo kwisha. Atachomelea kesho mchana, na Jumatatu Baba anateremka Mpwapwa na mahindi ya watu.

Jumatatu ni keshokutwa.

Kuchomelea usukani. Chuma cha usukani kimetengenezwa kugeuka, kutetemeka, kupokea mawe ya barabara siku nzima. Ukikichomelea kwa bomba la mageti, hakikuambii kimechoka. Hakina raba ya kupasuka nyufa kwanza, wala mchezo wa kukuonya. Siku yake ikifika kinakatika, na wewe umeshika duara mkononi lisiloongoza chochote, kwenye ule mteremko, magunia ya mahindi nyuma na watu juu yake. Baba anajua haya kuliko mimi. Miaka yote amekuwa akiwakataza watu kupanda magari yaliyochomelewa. Na sasa kwa sababu ya neno moja langu, haipo, anaenda kufanya hivyohivyo, na macho yale.

Ndipo nikapiga kelele. Nikasema Baba usichomelee, usimruhusu, imepatikana! Ipo hapa! Akauliza, si umesema haipo? Nikasema nilikuwa nakutania.

Ni uongo wa kijinga, hakuna mtu mzima anayemtania baba yake namna hiyo. Lakini yeye akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia mama wewe, utaniua. Akauliza raba ikoje. Nikasema imekaza, haina ufa. Akauliza tundu la bolti. Nikasema halijatanuka. Akasema hiyo ni ya Japani hiyo, nikasema ndiyo. Nilimsikia anazima redio.

Halafu akaanza kuniombea. Baba ni mzee wa kanisa, na akiwa na furaha huomba hapohapo, hata kwenye simu, hata vocha ikiwa inaisha. Aliniombea afya, aliombea kazi yangu, wakubwa wangu wa ofisini mmoja mmoja kwa vyeo vyao, akamwombea Elia na watoto wake. Kila kituo nikaitikia amina. Kisha akashusha sauti. Akamshukuru Mungu kwamba presha ya macho imeshuka, na akamwomba amalizie, amrudishie kuona kwake kama zamani, ili awahudumie watu wake bila kumgonga mtu.

Bila kumgonga mtu. Kumbe analijua. Sehemu fulani ndani yake inajua kwamba si stelingi.

Akanisubiri niitikie.

Nikasema amina.

Tangu tukate simu nimekaa hapa. Nimefikiria kila njia na kila njia imefungwa. Nikimnyima kaplingi, atachomelea, kama si kesho, wiki ijayo. Nikimpa, nimemtengenezea barabara kwa mikono yangu. Elia anasema nimchukue aje kukaa hapa Nkuhungu kwangu. Aje akae kwenye kiti gani, aulizie saa ngapi kwa nani, mimi nikiwa kazini kutwa? Kumtafutia dereva? Mwaka jana alijaribu kijana mmoja kumwendeshea, wakashindwana siku ya kwanza kwa sababu Baba alikuwa anakanyaga breki isiyokuwepo upande wake. Na ile pikapu ikiendeshwa na mtu mwingine, watu watagonga dirisha la huyo mwingine.

Sioni njia. Nimeandika yote haya nikidhani mwishoni nitaiona.

Kuna kitu kimoja tu ambacho sijakifanya, na nimekizunguka tangu mwezi wa sita kama mtu anayekwepa nyumba ya anayemdai. Hakihusu meno wala raba. Kesho Jumapili nitapanda basi la asubuhi kwenda Kibakwe, nifike kabla Baba hajamrudia yule fundi wa mageti. Nitamwamkia Baba, na kabla sijafungua mfuko nitamweleza lile neno ambalo daktari alilisema kwa sauti nzuri na mimi nikaliacha lipite. Kwamba presha yake imeshuka kweli. Kwamba hii si kama ile ya Mama. Kwamba imeshuka, na kuona hakurudi.

Ataniuliza nimejua lini.